Paka wa Kaskazini

Mimi sikuketi mezani.
Niliketi nyuma ya pazia la kijani, ukumbi wa karibu na stesheni,
na mashine ya taipu nzito kama jiwe la kusagia,
karatasi tatu, kaboni mbili,
sikio moja kwa wajumbe, jingine kwa birika la kahawa.

Makoloni matatu yalikuja Moshi kuposana.
Ndivyo nilivyoona mimi, Anasia, binti wa mtu wa Kibosho:
posa, yenye washenga wa suti,
na kila upande umeficha kasoro ya mwanawe.

Bwana Rwezaura wa ziwani alitaka forodha ibaki kwake.
Sharifu Mwinyihatibu wa pwani alihesabu stempu:
sura ya nani itabandikwa, na nani ataramba gundi.
Wa kwetu, Mzee Ndesanjo, hakutaka kikubwa,
ila bei ya kahawa isipangwe na asiyejua buni inavyochumwa.
Siku ya nne wakafika kwenye mpaka
na hapo hata vijiko vilinyamaza.

Sauti zilipopanda, niliwaza nyumbani.
Nina kihamba, shemeji yangu Kiwia ana kihamba,
kati yetu safu ya masale.
Kila masika safu ile hutembea.
Miguu haina, lakini hutembea,
hatua moja kwa mwaka, na kila mwaka upande wangu.
Hatujashikiana mapanga. Tunasalimiana kanisani
kwa ncha za vidole.

Usiku wa siku ya sita, saa nane,
baridi ya Julai imeshuka toka Kibo hadi kwenye vifundo vya mikono,
herufi M ikafa.
Niliipiga, nikaibembeleza, nikaitia mafuta ya taa.
Kimya.
Rasimu yatakiwa asubuhi, fundi yuko Arusha kwa wakwe.
Nikaendelea bila M,
nitaijaza kwa kalamu kukikaribia kucha.
Usingizi ukaniwahi kabla ya kalamu.

Asubuhi katibu akasimama, akasoma kwa sauti ya mimbarini:
"Paka wa kaskazini ufuate kilele hadi kilele."
Akasita.
"Paka usisogezwe bila ridhaa ya pande zote."

Wa kwanza kucheka alikuwa Sharifu,
ambaye siku zote hizo hakuonyesha jino.
"Kama ni paka," akasema, "mlisheni, atabaki mwenyewe."
Rwezaura akauliza kama ni dume au jike,
maana jike angewazalia mipaka mingine.
Mzee Ndesanjo alifuta machozi kwa tai.

Sisemi kicheko kilijenga nchi.
Walibishana siku tisa zaidi,
na forodha ilimwachia mtu kidonda kisichopona.
Lakini baada ya paka
hakuna aliyetishia tena kupanda treni.

Nami nikaketi na chupa ya wino wa buluu
kuandika kwa mkono kila M ya taifa:
ya mwananchi, ya mtoto, ya mgeni,
ya umoja (jaribu kulitamka bila hiyo, ulimi unajikwaa).
Mia sita na kumi na tatu.
Hakikumwagika kitu ukumbini ila wino,
nao ulimwagika kwenye sketi yangu ya pekee.

Jumamosi nikapanda kwetu na vidole vya buluu.
Nikakata sale moja, kutoka safu ile ile,
nikalipiga fundo kama mama alivyonifundisha.
Jani hilo kwetu lina kazi mbili:
likisimama ardhini, lasema ishia hapo;
likifungwa na kuletwa mkononi, lasema nisamehe.

Kiwia alikuwa anakamua ng'ombe.
Akatazama jani. Akatazama vidole.
"Umekata la upande wako, au la kwangu?"

Hatukuwa na katibu, wala rasimu.
Nikasema, "Sijui."

Akanisogezea kigoda.